Baiskeli Niliyoibeba kwenye Buti

Ipo asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka na kuona haya kwa pamoja. Nilikuwa mbele ya nyumba yangu Kipawa, nimeinama, nasukuma baiskeli iingie kwenye buti ya gari. Gurudumu la mbele nilikuwa nimeshalifungua, lakini usukani uligoma, na jasho lilikuwa linanitoka kabla hata ya mazoezi yenyewe. Hapo akapita jirani yangu Mzee Bakari, mchonga vinyago, mtu wa Newala, akiwa juu ya baiskeli yake nyeusi na gogo la mpingo kalifunga kwenye keria. Akashusha mguu mmoja chini, akanitazama.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Injinia, baiskeli unaibeba wewe. Yenyewe itakubeba lini?"

Nikamweleza kwamba naipeleka Mbweni, kule barabara ni tulivu. Akacheka kidogo, akakanyaga pedeli, akaenda zake. Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: halikuniua, lakini halikushuka.

Ili unielewe vizuri ni lazima nikuambie mimi ni nani, na nikionekana naringa, niache niringe kidogo, maana nilichonacho sikupewa na mtu. Nilitoka kijijini kwetu Muleba na viatu vya kuazima. Nilifika Uholanzi nikiwa na miaka ishirini na minne, nikaosha vyombo hotelini mchana, na jioni nikaketi darasani na watoto wa wenyewe, kwa lugha yao inayokwaruza koo, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa mitambo. Ipo ukutani sebuleni, ndani ya fremu, ukija nitakuonyesha. Baada ya miaka kumi na mitano nikarudi, nikajenga nyumba, nikafungua karakana ya majenereta Chang'ombe, nikanunua gari. Mtaa mzima ukaniita Injinia, na mimi sikumsahihisha mtu.

Sasa, kule Uholanzi kila mtu huendesha baiskeli: mwalimu, hakimu, hata bibi wa miaka themanini anayetoka kununua mkate. Nami niliendesha miaka yote hiyo, kwenye mvua na kwenye theluji. Siku ya kurudi niliapa kwamba mimi na baiskeli basi. Kwetu, mtu aliyetoka Ulaya akionekana juu ya baiskeli, watu hawasemi anafanya mazoezi. Wanasema kafulia, kaishiwa.

Nikaketi ndani ya gari miaka saba. Nilipofika arobaini na sita tumbo lilikuwa linatangulia kuingia mlangoni kabla yangu, na vipimo vikasema sukari imepanda. Daktari alinipa miezi mitatu nipunguze chakula na nitoe jasho. Isiposhuka, ananianzishia dawa. Mke wangu, Mama Koku, alikuwa kando yangu, akanishika mkono. Alijua ninachowaza. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, akafariki akiwa na miaka hamsini na miwili, nami nilikuwa Uholanzi. Sikumzika.

Wakati ule nilijiona mzee. Leo nina sitini na mitatu, na najua kwamba nilikuwa kijana, tena nilifanya kosa la kijana: nilitaka kupona bila kuonekana kwamba naumwa.

Nilinunua baiskeli ya mtumba, nikaifumua yote, nikabadilisha beringi na cheni, nikanyoosha spoku moja baada ya nyingine mpaka magurudumu yakazunguka bila kuyumba. Kazi ile niliifanya ndani ya stoo, mlango umefungwa. Kisha kila Jumamosi nikawa naibeba kwenye gari mpaka Mbweni, kwenye nyumba mpya, ambako watu wenye nafasi zao huendesha wakiwa na kofia ngumu na nguo za kubana. Kule hakuna aliyemjua Baba Koku. Lakini kutoka Kipawa mpaka Mbweni, mwanangu, ni kulivuka jiji zima. Nilikuwa naketi kwenye gari kwa saa nne, kwenda na kurudi, ili niendeshe baiskeli kwa nusu saa. Jumamosi nyingine nilighairi nikalala. Wazee walisema kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Miezi miwili ilipokwisha nikapima tena, na sukari ilikuwa palepale. Ulibaki mwezi mmoja.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo asubuhi ile. Niliondoka nimenuna, na nilipokaribia Ubungo foleni ikasimama kabisa. Nimefunga vioo, nimewasha kipoza hewa, naangalia kioo cha pembeni, nikaona mtu anakuja polepole, bila pupa, akipenya kando ya magari. Mzee Bakari na gogo lake, anaelekea Mwenge sokoni kwa wachongaji wenzake. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alinipita bila kugeuza shingo. Labda hakuniona, au aliniona akaamua kunisitiri, ambayo ni adabu kubwa zaidi. Mimi nilibaki pale, na baiskeli yangu nyuma yangu imelala kama mgonjwa. Nilipopata nafasi niligeuza gari, nikarudi nyumbani, nikafunga gurudumu.

Jumatatu nilikwenda kazini kwa baiskeli.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mguu ni mzito, lakini jicho la jirani ni zito zaidi. Mama anayeuza vitumbua pale kona aliniuliza kama gari ni bovu. Nikamwambia hapana, liko zima. Nilidhani nimejibu vizuri, kumbe jibu lile lilikuwa baya kuliko ndiyo. Asubuhi ambazo sikuwa na haraka nilikimbia mpaka karibu na uzio wa uwanja wa ndege na kurudi. Mbio zangu zilikuwa za kobe, ila kobe naye hufika. Jioni, badala ya kuketi mbele ya televisheni, nilivaa ovaroli kuukuu nikaanza kuishughulikia nyumba. Nikakwangua kutu ya geti kwa msasa, nikabadilisha bomba la jikoni lililokuwa likidondoka tangu Pasaka, nikapanda ngazi nikapaka rangi ukuta wa mbele. Nilisikia raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Tangu niwe bosi, mikono hii ilikuwa ya kusaini tu.

Lakini kwetu mtu mwenye uwezo huita fundi. Anayepaka rangi mwenyewe ni mmoja kati ya wawili: bahili, au hana kitu. Mtaa ukaunganisha habari. Gari limelala. Mwenyewe anaenda kazini kwa baiskeli. Jioni yuko juu ya ngazi na kopo la rangi. Tena kapungua. Jibu likapatikana, na mimi peke yangu ndiye nisiyelijua.

Jumamosi ya tatu, asubuhi, nikiwa juu ya ngazi, nilisikia wimbo getini. Sisi Wakatoliki tuna jumuiya ndogondogo: kaya za majirani hukutana Jumamosi kusali nyumba moja baada ya nyingine, na mwenzao akipatwa na shida humwendea. Siku ile haikuwa zamu yetu, lakini waliingia kundi zima, wanawake wamebeba mafurushi ya khanga kichwani. Wakayashusha barazani: unga, maharage, mafuta ya kula, na sukari kilo mbili. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wetu, Mama Fausta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Shuka, Baba Koku," akasema. "Kuanguka kumeumbwa kwa kila mtu. Sie hatujaja kuuliza kitu. Tumekuja kukaa na nyie."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami siku ile nilijikwaa vyote. Nilishuka nikiwa na brashi mkononi, nikawaambia mimi si ombaomba, mimi nina diploma ya Ulaya, na kwamba wachukue unga wao wampelekee anayeuhitaji. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Nilipoona hawaamini, nikaingia ndani nikachukua ufunguo, nikaketi kwenye gari ili waone wenyewe kwamba ni zima na lina mafuta. Nikawasha. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikajaribu tena, halikukohoa hata mara moja. Betri ilikuwa imekufa kwa kulala wiki tatu, na Injinia mzima sikuwa nimelikumbuka hilo.

"Pole, baba," Mama Fausta akasema, tena kwa upole wa kweli. "Bwana atatenda."

Mama Koku aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nikimuuliza husema vyote viwili.

Baadhi ya wanawake walianza kujifunga khanga zao vizuri, tayari kuondoka, na nyuso zao zilikuwa zimebadilika. Mimi nilibaki ndani ya gari kama mtu aliyefungiwa. Kelele zangu zilikuwa zimemtoa Mzee Bakari kwenye kazi yake. Yeye ni Mwislamu na hakuwa mtu wa jumuiya ile, lakini ukuta wetu ni mmoja. Akaja na patasi yake mkononi, akainama dirishani, akasema kwa sauti ya chini ili nisikie mimi tu:

"Injinia, watu hawa wamekosea habari. Moyo hawajakosea. Ukiwafukuza leo, siku ya habari ya kweli atakuja nani?" Kisha akaongeza, "Waambie unachoumwa."

Nikamuuliza nani kamwambia naumwa. Akanijibu kwamba mchonga vinyago kazi yake ni kuangalia miili ya watu.

Mwanangu, nimepanda ndege, nimefanya mitihani kwa lugha ya kigeni, nimesimama mbele ya mabosi wasionitaka kazini. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kufungua mlango wa gari lile. Nikatoka. Nikawaomba radhi, kisha nikawaeleza: sukari, miezi mitatu, siku zilizobaki. Nikawaeleza na habari ya baba, mguu wake, na kwamba walipomzika mimi nilikuwa mbali, naosha sahani za watu. Maneno hayo sikuwa nimewahi kuyasema hata mbele ya ndugu zangu.

Mama Fausta akafungua mkoba wake. Akatoa pakiti ya vidonge vya ugonjwa wa sukari, akatuonyesha sote. Akasema anavimeza mwaka wa nne, na huvimezea chooni, hata wakwe zake hawajui. Kisha akainama, akaokota ule mfuko wa sukari.

"Basi hii naondoka nayo," akasema, "maana hapa haina mwenyewe."

Tukacheka, mwanangu, kicheko cha watu waliotua mzigo. Wakaketi, tukasali, na Mama Koku akakoroga uji wa unga waliouleta wenyewe, akautia ndimu badala ya sukari. Mzee Bakari naye alikunywa bakuli mbili.

Mwezi ulipokwisha nilikwenda kupima. Sukari ilikuwa imeshuka. Daktari aliniambia niendelee hivyohivyo, na nikaendelea miaka tisa kabla ya kuandikiwa dawa. Sasa nazimeza kila siku mezani, mbele ya wageni. Huo si muujiza, na asikudanganye mtu kwamba baiskeli inachukua nafasi ya daktari. Lakini miaka hamsini na miwili niliipita, na miguu yote miwili ninayo. Jumamosi baada ya sala, watu wa jumuiya hutembea pamoja kuzunguka mtaa, wenye nguvu hukimbia, na Mama Fausta ndiye anayewakemea wanaochelewa. Ngazi yangu imekuwa ya mtaa. Huwa siioni nyumbani wiki nzima. Mzee Bakari alifariki mwaka juzi akiwa mzee sana. Nililibeba jeneza lake begani, nikaingia kaburini na wanawe kumpokea, nikafanya kwa mikono hii lile ambalo sikumfanyia baba.

Sasa nikupe neno langu, maana usimulizi bila neno ni mtungi bila maji. Ukifika umri ambao kiuno kinaanza kukudai adabu, usingoje daktari akutishe: tembea, kimbia, panda baiskeli, shika nyundo na msumari ndani ya nyumba yako. Mwili ni kama geti la chuma, usipotumika hushika kutu. Fanya hayo hapohapo unapoishi, mbele ya watu wanaokujua, kwa sababu ukiyapeleka mbali kwa ajili ya aibu utachoka njiani kabla hujayaanza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na majivuno ni maradhi yanayojificha kuliko yote. Nasema hivyo mimi, mgonjwa wake wa siku nyingi. Jisifu kwa ulichokipata kwa jasho, si vibaya. Lakini jirani akija mlangoni na habari isiyo ya kweli na moyo ulio wa kweli, mkaribishe kwanza, umsahihishe baadaye.

Mungu akupe, mwanangu, magoti yasiyokusaliti kwenye mlima, mikono isiyoona haya kazi, na ulimi unaojua kusema naumwa kabla hujachelewa. Na majirani zako wawe wa kuja bila kuitwa, wakukute hai, wakukute nyumbani.