Kengele ya Kilima cha Skard

Miaka kumi na mitatu Torgrim Øvrelid aliendesha baiskeli za mbio kwa kulipwa, huko Ufaransa na Hispania, na muda mwingi kazi yake ilikuwa kuwabebea wenzake chupa za maji. Alishinda mara moja tu, siku ya mvua ya mawe, wenzake wote walipojificha chini ya daraja. Yeye alisema mawe ya kwao Norwei ni makubwa zaidi, akapita. Ushindi huo mmoja uliwatosha watu wa bonde la Skard. Aliporudi walijipanga kilimani na kengele za ng'ombe, wakapiga mpaka ng'ombe wenyewe wakashuka malishoni wakidhani wanaitwa kukamuliwa.

Torgrim akastaafu. Watu hawakustaafu. Kila Jumamosi akipanda kilima kwa baiskeli kutoka duka la ushirika, na maziwa na jibini lake la kahawia, Bi Gudveig wa kona ya mwisho alikuwa ameshasimama kibarazani na kengele. "Heia, Torgrim! Heia!" Madirisha yakafunguka. Basi mtu atashukaje kwenye baiskeli? Alisimama juu ya pedeli, maziwa yakigeuka siagi mgongoni, akitabasamu kama picha ya gazetini. Gari analo, lakini siku aliyopita nalo, Gudveig alipiga simu kuuliza nani amefariki.

Sasa ana miaka hamsini na tisa, na daktari amemwambia wazi: akiendelea kupanda kilima kile, atatembelea magongo.

Jumamosi moja ya Mei, katikati ya kilima, goti la kulia likalia kama bawaba kavu. Kengele ilikuwa inamwita huko juu. Akavumilia kona moja, ya pili ikamshinda. Akashuka, akaanza kusukuma baiskeli, macho chini, kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani.

Kengele ikanyamaza. Dirisha moja likafungwa polepole.

"Tairi?" Gudveig akauliza Torgrim alipomfikia kibarazani.

"Zima."

"Mnyororo?"

"Mzima. Ni goti, Gudveig. Mwaka wa tatu huu. Siwezi tena."

Gudveig akaiweka kengele chini kwa mikono miwili, akashusha pumzi.

"Ulikuwa wapi siku zote, mwanamume wewe? Bega hili halinyanyuki tangu nilipoanguka kwenye barafu. Kila Ijumaa najichua dawa, ili Jumamosi nikupigie. Nikaona nikiacha, utadhani tumekusahau."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Torgrim alijikuna shingo.

"Kaa, kahawa ipo. Na fungua hayo maziwa, yangu yamekwisha."

Kabla ya kukaa, Torgrim aliichukua ile kengele, akaitundika kwenye msumari juu ya mlango wa banda la Gudveig. Alipanda kidato cha ngazi kwa mguu wenye goti zima, akachagua msumari wa juu kabisa, ambao bega la Gudveig lisingeufikia.