Papasi Tuliotunziwa

Hasira hii sijaimeza bado, na sina mpango wa kuimeza.

Mradi wetu ulikuwa wa homa ya papasi, wale wadudu wa kwenye nyufa za udongo wanaotoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Waliwauma wapagazi wa misafara ya zamani na wanauma hadi leo. Kule Puge tuligawa nyumba mafungu mawili. Moja tulilipulizia dawa; la pili tuliliacha hivyo hivyo, bosi apate cha kulinganisha. Wenye nyumba hizo tuliwaomba wasikandike upya mpaka tumalize. Nilipinga kwenye kikao, nikaambiwa sayansi haina huruma. Rahisi kusema, kama unalala kwenye nyumba ya vigae mjini.

Katika fungu la pili alikuwamo mama mmoja kijana ambaye mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika kwa homa hiyo. Siku moja nilimkuta uani akipeta mpunga, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo mama," akaniamkia.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu ndani, wapo wengi. Nimewatunzia."

Sikumwelewa. Akanionyesha nyufa za ukutani, kando ya kitanda chake. Mumewe alikuwa ameleta udongo wa kichuguu wa kukandikia, yeye akamzuia.

"Nyie mnatoka mbali," akasema huku akitabasamu. "Mkikosa papasi si mtasema tumewanyima?"

Kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Na sisi, wasomi wazima, tulikuwa tumeuchukua ukarimu huo tukawalishia wadudu. Niliona aibu, kisha hasira ikanipanda.

Nikamwambia atoe vyombo akakae kwa jirani. Nikashusha bomba la dawa garini, nikapuliza kila ufa huku nikitukana kimoyomoyo. Kesho yake mumewe akaukanda ule udongo, tukaziba kuta na sakafu.

Bosi alipojua, alinifokea mbele ya wenzangu wote.

"Umeniharibia nyumba!"

"Nimeitengeneza," nikamjibu, na sauti sikushusha.

Nyumba ikaondolewa kwenye utafiti, nami nikaondolewa nayo.

Baadaye nilirudi Puge kwa safari yangu mwenyewe. Yule mama akanipakatisha binti yake, mzito, ana kelele. Nilicheka mpaka machozi. Kisha akanisogelea, akashusha sauti.

"Mama, jirani yangu naye mjamzito. Anauliza, amesharuhusiwa kukandika?"