Samaki wa Harusi na Majani ya Kijito

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwanza kwa pua. Nyumba yetu ilinuka pilipili, ndimu na moshi, nami nilikuwa kijana wa kuoa. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa kwetu Kisangani, kwenye maporomoko. Msichana niliyempenda aliitwa Bernadette, na kwao ni Yanonge, ukishuka mto kwa mtumbwi.

Watu wake walikuwa wavuvi kama sisi, kwa hiyo hawakutaka tuwadanganye kwa vitambaa na bia. Waliomba samaki wa moshi wa maporomoko, vikapu vilivyojaa, wa kuliwa na ukoo mzima siku ya harusi. Ukipeleka samaki aliyeliwa na wadudu, ni kama umewatukana wakwe mlangoni kwao. Nami sikuwa na kitu kingine cha kunipa heshima machoni pa baba yake.

Shida ilikuwa maji, maana harusi ilipangwa wakati mto umejaa. Mto ukipanda, ile mitego yetu mikubwa ya vikapu haishiki kitu, kwa hiyo tulivua mapema na kuwaweka samaki juu ya moto kwa majuma mengi. Samaki wa moshi akikaa sana huingiwa na vidudu vidogo vyeusi, na watoto wao wenye manyoya humtafuna toka ndani mpaka unabaki na ngozi na vumbi. Mama yangu alijua kuwazuia. Alitwanga pilipili kali pamoja na majani ya lumba-lumba, haya haya tunayochemsha mtu akiwa na homa, akayakamua, akatia ndimu na chumvi, akawapaka samaki kabla ya kuwarudisha kwenye moshi. Baada ya muda aliwageuza na kuwapaka tena. Ni kazi ya kuchosha. Mama alipenda kazi za kuchosha. Mimi nilirithi sura yake tu.

Basi dada yake akajifungua kule Makiso, mama akaenda kumsaidia. Samaki akamwachia Tantine Veronika, mdogo wa baba. Tantine alinipenda kupita kiasi, na kupenda namna hiyo hakukosi haraka. Mvua ikanyesha mfululizo, kuni zikalowa, moto ukafifia, na vidudu vikaingia. Kila alipoinua samaki, unga ulimwagika. Akaona harusi yangu inaliwa mbele ya macho yake.

Hapo akakumbuka majani ya kijito. Kila kiangazi wanawake wetu huziba kijito huko porini, wakatwanga majani ya kichaka fulani na kuyatia majini. Samaki hulewa, huelea, huokotwa, nasi tunawala bila mtu kuumwa. Tantine akawaza hivi: kama tunakula samaki aliyeuawa na majani haya, basi majani haya hayana ubaya kwa mtu. Akatwanga tele, akakamua maji yake mazito, akawapaka samaki wote. Usimcheke. Hata mimi nilipomwona akipaka niliona ana akili sana.

Mama aliporudi, chini ya uchaga wa kukaushia samaki palikuwa na vidudu vilivyokufa, nzi na mende pia. Tantine alikuwa amesimama hapo anatabasamu kama bibi harusi ni yeye.

"Ya, dada yangu, angalia! Vidudu yote imekufa. Hata moja haiko inatembea."

"Umepaka nini, Vero?"

"Majani ya kule kwa kijito. Si tunakulaka samaki yake kila mwaka?"

Mama akashika kichwa. "Kule kwa kijito kuko maji mingi. Hapa maji iko wapi?"

Tantine hakupenda kukosolewa mbele ya watu. Akasema, "Bon, nitakula mbele yenu," akavunja kipande, akatafuna, akameza kabla mama hajamfikia. Haukupita muda akaanza kugusa midomo yake, akisema ulimi umekuwa kama si wake. Kisha akatapika. Alitapika mpaka nguvu zikamwisha, sisi tumemshika huku na huku, nami niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtoni. Kulipokucha alikuwa hai, tena anaweza kunywa maji, lakini alilia. "Nimeharibu ndoa ya mutoto," alisema.

Tonton Gaspard, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwa wakwe. Yeye akasema tuwaoshe samaki, tuwarudishe kwenye moshi, kupikwa chunguni kutamaliza sumu iliyobaki. "Nani atajua?" akauliza. Watu wote wakanitazama. Mwanangu, nilimtaka yule msichana mpaka usingizi ulinihama, na maneno ya tonton yalinikaa vizuri masikioni. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliniuliza moja tu.

"Wewe, utamupatia Bernadette akule?"

"Hapana, papa."

"Alors, tumemaliza."

Tukachimba shimo refu mbali na mto, tukawafukia samaki wote. Nililia, na sioni aibu kukwambia.

Yanonge walikuwa wamejaa ukingoni kutupokea. Walipoona mtumbwi hauna vikapu, nyimbo zikakatika. Baba wa Bernadette hakutusalimu kwa mkono. Tonton Gaspard alianza kuzunguka na maneno kuhusu mvua, lakini Tantine, aliyekataa kubaki nyumbani, akapita mbele, akapiga magoti kwenye mchanga, akasema yote: majani, ulimi, kutapika, shimo. Bibi yake Bernadette alikuwa ameketi hapo.

"Mulifukia yote?" akauliza.

"Yote, koko," Tantine akamjibu yule bibi.

"Hata ile makubwa?"

"Hata ile makubwa."

Yule mama mzee akatikisa kichwa, ukaona wale samaki wakubwa wanamuuma moyoni. Kisha akamgeukia mwanawe. "Hawa batu wamekubali kupata haya kuliko kutuua. Mutoto wetu aolewe kwao."

Tukaoana maji yaliposhuka, na safari hii samaki wapya tuliwapeleka.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza kazi hii ya samaki. Sikukatazi majani. Yale yale ya kijito, mama aliyanyunyiza shambani kwenye maharage machanga, na viwavi wakakoma. Lakini kinachoua mdudu kina nguvu, na nguvu hiyo haiulizi aliye mbele yake ni nani. Kwenye samaki tumia kile unachoweza kukilamba mwenyewe: pilipili, ndimu, lumba-lumba, na moshi usiouacha ufe. Kama hukijui kitu, muulize aliyekitumia, tena umuulize kiasi chake, na maji yake, na muda wake, maana jina la jani peke yake halikutoshi. Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, sema kabla mtu hajala. Utapata aibu, na itapita.

Mungu akupe moto usiozimika na mto usiokunyima. Akupe wakwe wanaosikia. Na kila atakayekula kutoka mikononi mwako, alale ameshiba na aamke mzima.