Uwezo Wangu ni Mdogo

Juzi mwanafunzi alinipa andiko lake la Kiingereza nilisahihishe. Humo alikuwa ameahidi kufanya kazi "to the best of my ability", yaani kwa uwezo wake wote. Sentensi haikuwa na kosa. Mimi, mwalimu mzima wa chuo kikuu, nikaweka kalamu chini na kuanza kunusa sombe.

Unaijua harufu ile, rafiki: majani ya muhogo, mawese, samaki mkavu wa Lualaba. Ilijaa uani kwetu Kindu, nyuma ya stesheni, jioni ile mwalimu wa Kiingereza alipokuja kumsaidia dada yangu. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Mwalimu alifunga abakosti yake, lile koti la kiserikali lisilovaliwa tai, mpaka shingoni, jasho likimtoka, nasi tulimwita Citoyen, yaani Raia, badala ya Bwana. Wamisionari wa mbali, wenye kusema Kiingereza, walitafuta wasichana wa kufundishwa ukunga, na kila mmoja alitakiwa aeleze kwa maandishi anachoweza. Dada hakutaka kitu kingine duniani. Na aliweza: bibi yetu alikuwa mkunga wa avenyu, yaani mtaa wetu, na siku alipokwenda matanga huko Tunda, dada alimzalisha pacha jirani yetu wa nyumba za reli, bila msaada wa mtu.

Mwalimu akampa maneno yale yale ya uwezo wote. Bibi akauliza maana yake. Alipoambiwa, akaacha kukoroga.

"Eee! Mutoto wangu ajisifu hivyo? Watauliza nani alimukomalisha!"

Kwetu, ukiombwa kupika harusi, unajibu kwamba utajaribu kidogo, kisha unalisha avenyu nzima. Kusifu ni kazi ya majirani.

"Mama, wale watu wanasoma tu vile umeandika," mwalimu akasema. "Kwao, ukisema kidogo, njo kidogo tu unaweza."

"Basi waje kuuliza hapa. Kila nyumba itawaambia. Citoyen, kula, sombe inapoa."

Dada akamtii bibi. Kiingereza kina maneno mazuri ya kusema kwa adabu kwamba uwezo wako ni mdogo, kwamba utasaidia pale tu utakapoweza. Aliyaandika yote bila kosa. Mimi nikayasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio, bila kuelewa hata moja.

Jibu lilikuja kwa treni. Walisifu lugha yake. Nafasi wamewapa wenye uwezo zaidi.

Bibi alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. "Hawakuuliza hata jirani moja?"

Dada aliingia jikoni. Tukasikia mchi ukitwanga, ukitwanga, ingawa majani yalikuwa yamekwisha.

Aliolewa huko Kalima, akauza mawese sokoni hadi alipofariki. Kiingereza chake nilikirithi mimi, kimenilisha vizuri.

Nilirudi Kindu mara moja tu, miaka mingi baadaye. Nikapita avenyu ile mlango kwa mlango, nikiuliza nani anamkumbuka msichana mkunga aliyekaa hapa. Mwanamke aliyekuwa akianika muhogo alinitolea kiti.

"Pole, mama," akasema. "Hapa sisi wote tuko wageni."