Kidole cha Kyalo

Jambo hili sijawahi kuwaeleza kwa sababu naona haya, na hata sasa uso unaniwaka, lakini kwa vile kule Kawangware wananiita Bandeji na nyinyi mmeanza kuulizauliza, afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Mama Kyalo, ambaye akilisimulia huongeza chumvi na kuigiza sauti yangu.

Mnajua siku hizi nalala mtaa wa Gatwekera, lakini kabla ya hapo (baada ya kuacha shule na kuzunguka, mara kubeba mawe, mara kuuza maji) niliishi mwaka mzima Kawangware kwenye karakana ya Fundi Mutua, mtu wa Machakos anayetengeneza majiko na madirisha ya chuma. Alinipa godoro, akanifundisha kuchomelea, na hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Kwa hivyo alipoamua kugombea udiwani, hana chama, alama yake jiko, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuvaa fulana yake. Kura yangu bado ilikuwa kule, sikuwa nimeihamisha.

Siku ya kura nilitoka Gatwekera asubuhi kwa miguu, na kwa sababu siwezi kuona watu wamekusanyika nikapita tu, nilisimama kila kituo kusikiliza nani anatukanwa zaidi. Nikafika shuleni Kawangware saa tano, laini imezunguka uwanja na kutokea barabarani. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

Huku kwetu mwenye mtoto mchanga hasimami kwenye laini, na siku ya kura utaona watoto wakipita mkono hadi mkono kama sufuria ya matanga. Getini nikakutana na Mama Kyalo, anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe mkabala na karakana, ametoka kupiga kura na Kyalo wake amelala begani.

"Mama Kyalo, niazime mtoto dakika tano."

"Oti, wewe hata paka hujawahi kufuga."

"Ni kwa ajili ya Fundi."

"Basi chukua. Akilia mwimbie, lakini si kwa sauti hiyo."

Nikaipita laini yote nikimpigapiga Kyalo mgongoni, uso wa baba aliyekosa usingizi, wazee wakinipisha, mmoja hata akatuombea baraka. Mlangoni kulikuwa na karani, mama wa miwani, na hakutaka kitambulisho changu. Alishika ngumi ya Kyalo akaifungua. Kidole kidogo kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye kucha. (Sikujua kwamba makarani walikuwa wameshaujua mchezo, na kila mtoto aliyeingia alipakwa wino pamoja na mama yake, asije akarudi na mama mwingine.)

"Huyu ameshapiga kura," karani akasema. "Wewe nenda nyuma."

Laini nzima ikacheka, na yule mzee wa baraka akazirudisha kwa maneno ambayo sitayataja. Ningeenda nyuma tu yangeisha. Lakini aibu ilinisukuma moja kwa moja hadi getini, nikamrudisha mtoto, nikamwambia mama yake, "Tayari," kisha nikaenda kula chapati nikijiambia kura moja itafanya nini.

Baada ya siku mbili tukasikia: Fundi ameshindwa kwa kura kumi na moja.

Sijui kama mmewahi kuangalia watu wakishindwa uchaguzi. Mimi niliangalia, pale karakana. Kufikia saa nne, nusu ya fulana zetu zilikuwa zimegeuzwa ndani nje, na jamaa aliyetupulizia vuvuzela mwezi mzima alikuwa anaipuliza kwa mshindi. Waliobaki walisema ni mvua, ni kompyuta, ni watu wa mtaa wa pili waliokula pilau yetu wakatusaliti. Fundi peke yake alikuwa ametulia, amevaa koti lake la kanisani.

"Watu wameongea," akasema. "Naenda kumpa mwenzangu mkono."

Ningenyamaza. Lakini hiyo kumi na moja ilikuwa inaniuma mahali ambapo singeweza kumwonyesha mtu, na mdomo wangu ukatafuta mwingine wa kulaumu.

"Usiende, Fundi. Umeibiwa."

"Nani amesema?"

"Mimi. Nilikuwa ndani napiga kura. Nimeona karani akiingiza makaratasi mfukoni."

Fundi akavua koti. "Oti hajawahi kunidanganya," akawaambia watu. "Basi sikubali."

Vijana wakaleta matairi na kuyapanga barabarani, hatua tatu kutoka kwa meza ya Mama Kyalo, naye akaanza kufunika sufuria na kukunja turubai huku mtoto akiwa kiunoni. Nikamwona, nikageuza macho. Mmoja akatoa simu, akaagiza: kabla ya kuwasha moto tupige video, kila mtu ainue kidole chake chenye wino, na shahidi akae mbele.

Shahidi nilikuwa mimi. Tangu siku ile nilikuwa nimefunga kidole kwa bandeji.

"Oti," Mama Kyalo akaita, "kimefanya nini?"

"Kimekatwa na bati."

"Bati la nani? Wewe tangu lini umefanya kazi?"

Watu wakaguna. Akaushika mkono wangu kama anayetoa mwiba, akavuta bandeji. Kidole kilikuwa safi kama cha bwana harusi. Akaifungua ngumi ya Kyalo, akaviinua vidole vyote viwili mbele ya simu, changu na cha zambarau.

"Nilishangaa vile alinirudishia mtoto haraka," akasema. "Sasa mniambie, kati ya hawa wawili ni nani alipiga kura?"

Aliyeshika kiberiti ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, mpaka tairi moja likamponyoka mtu na kubingirika hadi mtaroni. Fundi hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama dirisha nililochomelea vibaya.

"Na karani na makaratasi?"

"Sikuingia ndani, Fundi."

Akavaa koti tena. Akachukua jiko jipya kutoka karakana, akaniwekea kichwani.

"Hatuendi mikono mitupu," akasema.

Nikalibeba jiko hilo Kawangware yote, nimevaa fulana ya aliyeshindwa, yule jamaa wa vuvuzela akinisindikiza kwa nyuma. Mshindi akalipokea kwa mikono miwili, akauliza mimi ni nani.

"Huyu," Fundi akasema, "ni mpiga kura wangu."

Tukirudi, tulipokaribia karakana, akasema: "Ungepiga, ningeshindwa kwa kumi."

"Ndiyo, Fundi."

"Ningependa hiyo kumi."

Akaingia ndani, akawasha mashine yake.

Kyalo sasa anatembea, na akiniona huinua kidole, nadhani amefundishwa. Uchaguzi ujao nitafika getini kabla ya askari, bila mtoto wa mtu, nisimame mpaka miguu ivimbe. Na tukishindwa, nitaangalia kidole changu kwanza kabla sijafungua mdomo.