Shu ya Kapita na Lengalenga la Nyuma ya Nyumba

Harufu ya shu inayochemka ndani ya maji ya chumvi hunikuta popote. Juzi ilinikuta Mulongwe, nimekaa nyuma ya mwendesha pikipiki, tukipita karibu na jiko la mgahawa, na kabla sijajua ni nini, masikio yangu yalikuwa yameshapata moto kama ya mtoto aliyekemewa mbele ya wageni. Nilimwomba yule kijana anishushe hapo hapo. Nikasimama kando ya barabara nikijifanya natafuta kitu mkobani.

Wengine huiita kabichi. Sisi Uvira tunasema shu, na kwetu, nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza shule, shu ilikuwa na heshima yake. Baba alikuwa amefanywa kapita, yaani msimamizi wa wabeba mizigo, katika bandari ya Kalundu. Tukahama Runingu, kule bondeni kwenye mihogo na mpunga, tukaja mjini kupanga nyumba yenye dirisha la kioo. Pamoja na dirisha tukapata na sheria za chakula.

"Muntu wa muji anakulaka shu," Baba alisema siku ya kwanza, akiiweka mezani kubwa kama kichwa cha mtoto. "Lengalenga ni majani ya mbuzi."

Lengalenga ndiyo ile mboga ambayo wengine huiita mchicha. Nyuma ya nyumba yetu, karibu na shimo la takataka, ilijiotea yenyewe, majani mapana ya kijani kizito, hakuna aliyeipanda wala kuimwagilia. Majirani waliomba ruhusa ya kuichuma, na Mama aliwaruhusu bila kuwatazama sana. Mawese nayo yalikatazwa, kwa sababu yalitia doa mashati meupe ya ukapita. Mama akawa anapika shu kwa mafuta ya kopo, tone kwa tone kwa sababu yalikuwa ghali, na ndakala, vile visamaki vidogo, tulizila pale tu ziwa lilipokuwa na huruma. Nasi watoto tulijiona! Mimi nilikuwa na tabia ya kutoka kwenda kusimama barabarani na kipande cheupe cha shu kimebaki mdomoni, makusudi, ili watoto wa jirani waone tumekula nini.

Kisha nikaugua surua. Nilipopona nilikuwa mwembamba kama ufito, na kitu kingine kilikuwa kimebadilika ambacho sikujua kukieleza. Uvira jua huzama milimani, si ziwani, kwa hiyo kivuli hutufikia mapema, hata maji yakiwa bado yanang'aa. Katika kivuli hicho wenzangu waliendelea kucheza mpira wa matambara, na mimi nilikuwa siuoni mpira. Nilisikia miguu yao, nikakimbilia sauti, nikajigonga ukutani. Walianza kuniita Kuku, maana kuku jioni ikiingia hatoki tena. "Kuku, rudi kulala!" Nilicheka pamoja nao. Nilidhani kila mtu huona hivyo jioni, isipokuwa wengine wana ujanja nisioujua.

Jioni moja Mama alinituma kwa jirani yetu Mama Zawadi kuomba kaa la moto. Mama Zawadi alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyeanika ndakala zake juu ya mkeka uani. Niliingia kwa haraka, kama nilivyoingia siku zote. Nikasikia kitu kikivunjika-vunjika chini ya miguu yangu, laini na kikavu, nikasonga mbele nikidhani nitatoka, kumbe ndiyo nazidi kuingia katikati. Wanawake waliokuwa pale wakapiga kelele.

"Weye mutoto! Hauone? Iko unakanyaga samaki ya bantu!"

Nilisimama. Sikujua nitoke upande gani. Na hapo, kwa hofu, nikajikojolea, juu ya mkeka ule ule.

Kicheko kikafuata, kicheko cha watoto wote wa mtaa. Lakini Mama Zawadi hakucheka. Alikuja, akapunga mkono mbele ya uso wangu. Nilisikia upepo wa mkono. Mkono wenyewe sikuuona. Akanibeba na mkojo wangu hadi kwetu, akamwambia Mama mlangoni, "Mama Faida, mutoto hana kiburi, mutoto hana macho. Umupeleke kwa muganga. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Asubuhi Mama alinivalisha gauni la kanisani. Njiani alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida, akaniagiza: "Bakikuuliza tunakulaka nini, useme shu."

Kwenye kituo cha afya wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, watoto mgongoni, wengine na vikapu, maana wangepitia sokoni. Muganga alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama machoni, akavuta kope chini, akauliza kuhusu surua. Kisha akaniuliza mimi, si Mama, akiwa ameinama.

"Ku nyumba munakulaka nini, mama mudogo?"

"Shu!" nikajibu kwa sauti, nikitaka benchi zote zisikie.

"Kila siku?"

"Kila siku. Baba ni kapita."

"Na lengalenga?"

"Ile ni majani ya mbuzi," nikasema.

Karibu kila kikapu pale kilikuwa na fungu la lengalenga likichungulia. Wanawake walitazamana. Mmoja alicheka puani. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini, "Kumbe siye ni mbuzi." Nami nikaanza kuelewa, polepole, kama mtu anayesikia maji yakimpanda miguuni, kwamba nimesema jambo baya, ingawa sikujua ni lipi.

Muganga hakunikemea. Aliomba fungu moja la lengalenga kutoka kikapuni mwa mama mmoja, akaomba na shu kwa mwingine, akaviweka mezani kimoja kando ya kingine. Akawageukia wote.

"Musicheke. Shu iko muzuri. Inasaidia kidonda kipone, inasaidia tumbo. Hakuna mwenye kuikataza." Akaipasua kwa kisu, tukaona weupe wake. "Lakini mutazame ndani. Sasa mutazame hii." Akakunja jani la lengalenga, likaacha rangi vidoleni mwake. "Mu kijani hii ndimo muko vitamini A, ya macho. Muko na madini ya kuongeza damu, na ya kukaza mifupa. Kwa mambo hayo shu haiwezi kushindana nayo. Na muipike na mafuta. Mawese ndiyo muzuri zaidi, nayo iko na vitamini A yake. Mutoto aliyetoka kwa surua, mwili wake umekwisha kila kitu. Ukimupa shu peke yake, macho yanalala jua likilala."

Akamgeukia Mama, akashusha sauti, lakini chumba kizima kilikuwa kimetega sikio.

"Mama, nani alikataza lengalenga mu nyumba?"

Mimi nilifungua mdomo. Mama alinibana mkono.

"Ni minye," alisema. "Minye ndiye sikupenda kuipika. Niliona haya."

Kicheko cha puani kikarudi. Mama aliangalia sakafu, shingo imeinama, na kitambaa chake kizuri cha Jumapili kichwani. Muganga alikata ncha ya kidonge laini cha vitamini A, akanikamulia mafuta ulimini. Sikuhisi hata ladha yake. Nilikuwa namtazama mama yangu, aliyekuwa akinichapa nikisema uwongo, akisema uwongo mbele ya nusu ya Uvira.

Baba aliporudi kazini, jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu, "Muite mutoto." Baba akaniita kutoka kibarazani, mkono ameunyoosha na andazi ndani yake. Nilikwenda kwa furaha kuelekea sauti yake, nikaupita mkono, nikalipita andazi, nikaenda kugonga paji la uso kwenye nguzo. Nikageuka nikitabasamu, nisijue nitabasamu upande upi.

Nilisikia miguu yake ikinijia. Halafu nikamsikia akimwambia Mama: "Mupikie." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyebeba gunia.

Toka siku hiyo tukala lengalenga kwa mawese, na haikupita muda mrefu nikaanza kuona taa za wavuvi zikiwashwa ziwani, moja baada ya nyingine, nikawa nawaonyesha watu kana kwamba ni mimi niliyezigundua. Baba alikaa mezani pamoja nasi, akala bugali wake na chumvi au na ndakala. Lengalenga hakuitia mdomoni hadi alipokufa. Niliona ni kiburi. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwonea aibu kwa ajili hiyo, na nilimhurumia Mama, mwanamke aliyemwogopa mume hata akajitwisha kosa lake.

Ni kwenye kilio cha Baba ndipo shangazi yangu, dada yake, alinisimulia, tukichambua mboga za wageni. Wakati wa vita, Baba akiwa mdogo, walikimbia kutoka Runingu bila hata sufuria. Muda mrefu waliishi kwa lengalenga za jalalani, zilizochemshwa bila chumvi. Kila alfajiri Baba ndiye aliyetumwa kuzichuma nyuma ya nyumba za watu, na watu walimfukuza kwa mawe. "Toka, mbuzi wee!" walimwambia. Siku moja walimfunga kamba shingoni, wakamzungusha mtaani akilia, nao wakicheka.

Nilimfuata Mama chumbani alikokuwa amekaa na wajane wenzake, nikamwomba pembeni. Nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua tangu mbele anioe," alisema. "Alinielezea yeye mwenyewe."

"Na siku ile kwa muganga, ulisema ni weye."

Alinitazama kama vile bado mimi ni yule mtoto wa gauni la kanisani.

"Bangemucheka," alisema. "Na yeye alikuwa ameshachekwa."

Nilikuwa nimeishi umri wangu wote nikidhani mama yangu alikuwa mwoga.