Jamvi Lisilofunika Kitu

Biasha wa Munje hakuwa mgomvi wala mchawi, ingawa wapo waliosema hivyo. Alikuwa mwanamke wa kushuku tu. Ukimsalimia asubuhi alikuitikia vizuri, kisha akakutazama mgongo mpaka ukapotea kwenye minazi, apate kujua salamu ile ilikuwa ya nini. Ukimpelekea sahani ya futari, aliirudisha kesho yake alfajiri ikiwa na chake ndani, asije akaambiwa amekula cha watu. Siku moja alipougua homa, mganga wa zahanati alimpa vidonge viwili. Biasha akamwambia ameze kimoja kwanza yeye mwenyewe. Akameza, maskini wa Mungu, na homa hakuwa nayo.

Lakini jamvi lake lilikuwa jamvi. Alisuka kili za miyaa, mikanda myembamba ya majani ya mkoche, ukili juu ya ukili, akaziunga kwa mshono usioonekana, na pembeni akatia ukingo wake wa miyaa myekundu na myeusi uliokwenda pembe tatu tatu. Toka Likoni mpaka Jego, arusini au matangani, mtu akikaa alipapasa ukingo ule na kusema, "Hili la Biasha." Hakuhitaji kuandika jina. Jina lilikuwa limekaliwa na wilaya nzima.

Na jina hilo ndilo lililomtia hofu. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, nduguye Kibwana alikuwa amembebea mtu asiyemjua gunia kwenye baiskeli yake, kutoka njia ya Lunga Lunga, kule mpakani. Aliambiwa ni mbegu za kunde. Askari walipolifungua wakakuta karafuu za magendo. Mwenye gunia akayeyuka kama chumvi, Kibwana akalala ndani siku tatu, akarudi amekonda, baiskeli hakurudi nayo. Toka siku hiyo Biasha alikuwa na sheria moja: usibebe wala usifunike usichokiona ndani.

Sasa sikiliza lililofika mwaka uliofuata.

Lori moja kubwa lilisimama Msambweni, na juu ya lori palikuwa pamejengwa nyumba. Nyumba hasa, yenye dirisha la pazia na bomba la moshi. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyeuza shamba lake bara, akielekea kusini kwa jamaa zake, na kwa vile alitembea na nyumba yake mgongoni watu hawakungoja kuulizia jina. Walimwita Bwana Konokono. Nyuma ya lori, kwa chuma kirefu, alikokota kigari kidogo cha rangi ya maziwa. Au kilikuwa cha rangi ya maziwa kilipotoka Mombasa. Barabara siku zile ilikuwa changarawe na vipande vya matumbawe, na magurudumu ya nyuma ya lori yaliokota kila jiwe na kukirushia kigari kama watoto wanaopopoa embe. Taa moja ilikuwa imekwisha kufa. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa wa utando wa buibui.

Dereva wa lori, Jefwa, kijana mpole wa Mariakani, ndiye aliyetumwa Munje. Alipiga hodi, akatoa shikamoo, akakaa alipoonyeshwa. Alitaka majamvi manne mazito ya kukifunika kigari chote, mbele, ubavuni na madirishani, na yawe tayari kabla ya Ijumaa kwani Bwana ana haraka ya kuvuka mpaka.

Biasha aliendelea kusuka. Alimwuliza kwa nini kigari kisiendeshwe, kikaenda njia yake mbali na mawe. Jefwa akasema Bwana macho yake mabovu, na bibi yake aliyekuwa akikiendesha ametangulia kwa meli. Alimwuliza turubai limekosa nini. Jefwa akasema walijaribu turubai, upepo ukalipigapiga, mchanga ukaingia chini yake, na walipofika Tiwi rangi ilikuwa imesuguliwa kama sufuria.

"Na ndani ya kigari mna nini?"

"Vyombo vyao tu, mama."

"Vyombo gani?"

Jefwa akasema hajui, hajapata kufunguliwa. Hapo vidole vya Biasha vikasimama.

Wifi yake Chiku, dada wa marehemu mumewe, alikuwa mlangoni akisikiliza kwa masikio mawili na mdomo mmoja uliokuwa tayari. Jefwa alipokwenda zake alianza. Mtu ana nyumba nzima juu ya lori, vyombo anaviweka kwenye kigari? Tena anataka kuziba madirisha? Tena mpaka ule ule, haraka ile ile? Wifi, jamvi lako linajulikana. Wakikamata kigari hawatauliza la nani, watasoma ukingo waje moja kwa moja hapa. Biasha alimsikiliza, kisha akaanza kumshuku Chiku pia, kwa nini anamhurumia ghafla.

Asubuhi alijitia buibui akaenda Msambweni kujionea. Alikizunguka kigari mara tatu. Aligusa taa iliyovunjika, akatia kidole kwenye alama za mawe, akakubali moyoni kwamba mawe ni kweli. Lakini ndani kilishindiliwa mpaka darini na kufunikwa blanketi la kijivu, hata huoni pa kupitisha jicho. Bwana Konokono alitoka ndani ya gamba lake akamwamkia kwa Kiswahili cha shambani. Biasha alimwomba afungue. Bwana akashika ufunguo uliokuwa shingoni kwa uzi, akatikisa kichwa.

"Nikifungua, yote itamwagika."

"Basi yamwagike, bwana, tuyaokote pamoja."

Hakufungua. Mtu mwingine angaliondoka, na Biasha aliondoka kweli, hatua kumi. Kisha akageuka. Kigari kile kilimchoma. Alikuwa fundi, na fundi akiona kitu kinaharibika kwa upuuzi hulala vibaya, hata kikiwa cha jambazi. Akasimama katikati ya lori na kigari, akatazama magurudumu, akatazama kioo, akaona wote wamekosea mahali. Walikuwa wanamvika nguo anayepigwa mawe, wala hakuna aliyefikiri kumziba anayerusha.

Akamwita Jefwa akamweleza. Kigari kibaki uchi, kila askari akione mpaka mbavu. Yeye atafuma kitu cha kuning'inia nyuma ya lori, nyuma ya magurudumu yale, upana wote. Na hakitafumwa kama jamvi, kwa sababu jamvi lililobana litashika upepo na kupaa. Kitafumwa kama uzio wanaousimika wavuvi pwani: maji hupita, samaki hubaki. Upepo upite, jiwe libaki.

Alikaa siku nne kazini. Alisokota kamba za makumbi ya nazi, nene kama kidole gumba, akazipitishia miyaa mibichi kwa kukatiza, matundu yake yasipitishe hata yai la kwale. Juu alifunga ufito wa mkoko, na chini ufito mwingine mzito zaidi ili kisipeperuke, akakipima kining'inie shubiri moja kutoka ardhini kisije kikaburuzika. Chiku alipita akauliza mbona pembeni pako wazi, ukingo uko wapi. Biasha akamjibu kwamba miyaa myekundu imekwisha. Ilikuwa imejaa kapu, chini ya kitanda.

Ijumaa kilifungwa. Biasha alimtaka Jefwa aendeshe mpaka njia panda na kurudi, yeye akasimama kando ya barabara. Lori likapita na vumbi lake, na ndani ya vumbi alisikia mawe yakigonga ule uzio, yakidondoka chini. Kigari kikapita kimya, kioo kikimeta. Safari ya kusini ilipoanza, Bwana Konokono alitoa kofia. Biasha hakumtolea kitu. Alirudi Munje, akaingia ndani akafunga mlango, akangoja kukamatwa.

Alingoja wiki tatu. Kila baiskeli iliyolia kengele ilimkuta amekwisha simama. Jumanne moja ikaja iliyopandwa na askari kweli, kaptura ya kaki, fimbo kwapani. Akasema anaitwa Mwinga, anatoka kwenye kizuizi cha mpakani. Wanawake watano walikuwa barazani wakichambua miyaa, Chiku akiwamo.

Mwinga hakujua kuuliza neno ila kwa sauti ya kazi. "Nani kati yenu aliyekifuma kile kidude kilichokuwa nyuma ya lori la Mzungu?"

Wanne walitazama miyaa yao. Biasha ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa kavu kama kumvi.

"Hapa hakuna. Sisi twasuka majamvi."

"Wewe je, mama? Nimeambiwa niulizie kwa Biasha."

"Mimi ndiye Biasha. Na kile sikukifuma."

Askari akavua kofia, akajikuna. Akasema ni hasara basi. Shemeji yake, Rai wa Mackinnon Road, ana malori, na kazi yake ni kukokota magari yaliyoharibika mpaka Mombasa, na kila likifika halina kioo. Kigari cha yule Mzungu kilifika mpakani na kioo chake, hata jiwe moja jipya halikukigusa. Rai anataka vidude sita kama kile.

"Na ndani yake mlikuwa na nini?" aliuliza Biasha, asiweze kujizuia.

"Vitabu na sahani, mama. Tulipomfungulisha vikamwagika barabara nzima. Tumeokota mpaka adhuhuri."

Biasha hakuamini. Vitabu gani hivyo vya kuvuka navyo mpaka? Alikuwa bado anaupima uongo ule wakati Chiku alipojipangusa mikono kwenye leso, akasimama.

"Ni mimi," alisema Chiku. "Nilikuwa naona haya tu."

Mwinga akafurahi, akaandika Chiku wa Munje kwenye daftari, vidude sita, mwisho wa mwezi. Biasha alifungua mdomo. Akautazama ule wino, akaitazama kofia yenye nembo, akaufunga.

Siku mbili Chiku hakuonekana. Ya tatu alikuja na kamba za makumbi begani, amezifunga mafundo yasiyokuwa na kichwa wala miguu, akakaa karibu na wifi yake. Biasha alitazama mafundo yale. Yalimtia uchungu kuliko lile jina daftarini.

"Mimi sikijui kidude hicho," alisema, huku akiivuta kamba kutoka mikononi mwa Chiku. "Lakini ningalikuwa ndimi niliyekifuma, ningalianzia hapa. Fumua yote."